Kazi ya Mikono Baada ya Vita: Yaliyowapata Majirani Zetu wa Kaskazini mwa Uganda



Mwaka jana kikundi kimoja cha vijana kilituletea barua ya maombi. Vijana kumi na wanane, barua imeandikwa vizuri, muhuri wa chifu upo. Walitaka cherehani sita na mwalimu wa miezi mitatu. Tukawauliza swali moja tu: mkishajua kushona, nani atavaa? Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Si watu wote huvaa nguo?" Kweli kabisa. Lakini siku ile, katika wale kumi na wanane, hatukumwona hata mmoja mwenye nguo iliyoshonwa na fundi wa hapa kwetu. Wote walivaa mitumba, na sisi wenyewe pia, tusijifanye.

Hatukuwakatalia. Tuliwaomba watupe muda, nasi tukaenda kusoma. Maana kuna mahali karibu nasi, hapo tu ng'ambo ya mpaka, ambapo swali hili la ufundi na mteja lilijibiwa kwa uchungu mwingi. Huko vijana walikuwa hawana kitu kabisa, hata shamba la baba walikuwa wamelisahau. Ni kaskazini mwa Uganda. Tunawaletea mambo ya huko kwa sababu vikundi vyetu vingi vinafikiria kuanzisha mafunzo, na ni heri kujifunza kwa aliyekwisha kupita njia.

Kizazi kilichokulia kambini

Vita vya kaskazini mwa Uganda vilianza baada ya mabadiliko ya serikali ya 1986. Jeshi la waasi la Joseph Kony, LRA, likawa linavamia vijiji, kuchoma nyumba na kuteka watoto. Wakatoliki wengi wa rika letu wanakumbuka habari za Aboke: Oktoba 1996 waasi waliingia usiku katika shule ya wasichana wakachukua 139. Mtawa mmoja, Sista Rachele Fassera, aliwafuata msituni kwa miguu, akarudi na 109. Waliobaki mikononi mwa waasi walikuwa 30. Hao wa Aboke walijulikana duniani. Watoto wengine walitekwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hakuna gazeti lililowahi kuandika majina yao.

Mwaka huo huo wa 1996 serikali ilianza kuwaamuru watu watoke vijijini waingie kambini, ati wapate ulinzi. Kufikia 2005 watu waliokuwa wameacha makwao walikuwa karibu milioni 2, na katika nchi ya Waacholi, yaani Gulu, Kitgum na Pader, karibu kila mtu alikuwa kambini. Kambi moja, Pabbo, ilifikia zaidi ya watu 60,000. Nyumba zimebanana hata moto ukishika moja, zinateketea mia.

Sasa fikirieni mtoto aliyezaliwa humo. Hajaona baba yake akilima, kwa sababu baba hawezi kwenda shambani asiuawe. Chakula kinakuja kwa lori. Ng'ombe wa kulimia waliporwa zamani, mwanzoni mwa vita. Shule ni ya watoto mia mbili kwa mwalimu mmoja, au imefungwa. Mjini Gulu watoto walikuwa wakiingia kila jioni kutoka vijiji vya karibu, wanalala barazani mwa maduka na katika hospitali, asubuhi wanarudi, ili wasitekwe usiku. Mtoto wa namna hii akifika miaka ishirini, anajua nini? Anajua kupanga foleni.

Agosti 2006 serikali na LRA walitia sahihi mkataba wa kusimamisha mapigano, kule Juba. Kony alikataa kutia sahihi mkataba wa mwisho mwaka 2008, lakini waasi walikuwa wamekwisha kuondoka Uganda, na watu wakaanza kurudi makwao pole pole. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu wengi hudhani vita vikiisha mambo yamekwisha. Kumbe wanarudi nyumbani watu wazima ambao hawajafundishwa kazi na mtu yeyote.

Godoro, jembe na shilingi 263,000

Tangu mwaka 2000 Uganda ilikuwa na sheria ya msamaha. Mwasi akiacha bunduki, anasamehewa, anapewa karatasi, na pamoja na karatasi anapewa mzigo wa kuanzia maisha: godoro, blanketi, sufuria, jembe, mbegu, na shilingi 263,000 za Uganda. Msamaha ule ulitoa watu wengi msituni na hatuna neno baya la kuusema. Lakini ule mzigo ulikuwa wa kumfikisha mtu nyumbani tu. Mbegu zinaisha kwa msimu mmoja. Pesa zinaisha kabla ya mbegu.

Ikafuata mikutano, na mashirika mengi yakaja na jibu moja: mafunzo ya ufundi. Wasichana ushonaji, wavulana useremala na uashi. Miezi mitatu, miezi sita, cheti, picha, nenda nyumbani. Si Uganda peke yake. Sierra Leone, ambako vita viliisha Januari 2002 na wapiganaji zaidi ya 72,000 wakasalimisha silaha, walifanya hivyo hivyo, na Liberia vile vile. Na kote huko lilionekana jambo lile lile: sanduku la vifaa linauzwa sokoni, wakati mwingine kabla hata cheti hakijakauka wino. Walioona wakasema vijana hawa ni wavivu, vita vimewaharibu.

Sisi hatukubali kwamba ni uvivu. Nasi tumekwisha kufanya kosa hilo wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuligawa randa na misumeno kwa vijana wanane waliomaliza mafunzo. Baada ya mwaka tulikwenda kuwatembelea na tukaona randa mbili tu. Mmoja alituambia bila kuficha: "Vifaa mlinipa, lakini mbao ya kuanzia mlitaka nitoe wapi? Ubao mmoja wa msaipresi ni pesa ya chakula cha wiki nzima." Tulinyamaza. Tulikuwa tumefundisha mkono, tukatoa kifaa, tukasahau kwamba fundi hununua mbao kwanza, na kwamba mteja hulipa akishaona meza.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo mashirika yaliligundua polepole. Seremala asiyejua kusoma futi hawezi kutengeneza mlango. Fundi cherehani asiyejua kuandika hawezi kuweka vipimo vya wateja watano bila kuvichanganya. Ndiyo sababu shirika la Wanorwe la kusaidia wakimbizi, lililokuwa limeanza mpango wake wa vijana kule Sierra Leone mwaka 2003 kisha likauleta kaskazini mwa Uganda, liliweka vitu vitatu katika mwaka mmoja: kusoma na hesabu, maisha ya kila siku na afya, halafu ndiyo ufundi. Wengine waliona ni kupoteza wakati. Lakini muulizeni fundi yeyote wa jua kali anakopata hasara, atawaambia ni kwenye vipimo na kwenye hesabu, mara chache sana ni kwenye mkono.

Mama mwenye mtoto mgongoni

Tumtaje mtu mmoja. Sista Rosemary Nyirumbe wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu alichukua uongozi wa shule ya ushonaji ya wasichana ya Mtakatifu Monika, Gulu, mwaka 2001. Aliikuta ina wanafunzi wachache. Nje yake kulikuwa na wasichana waliorudi kutoka msituni na watoto ambao baba zao ni makamanda wa waasi. Shule za kawaida haziwataki. Nyumbani wanaambiwa, mtoto huyo hatumtaki hapa. Sista akatangaza kwenye redio: njooni, na mje na watoto wenu.

Hilo la watoto ndilo tunalotaka mlitazame. Darasa la ushonaji lilikuwako tangu zamani, na hakuna mwenye mtoto mchanga aliyelikaribia. Alipoweka mahali pa kulea watoto, mama akawa anaweza kukaa kwenye cherehani saa tatu mfululizo bila kukatizwa. Hakuna ufundi mpya uliobuniwa. Kilichoongezwa ni mkeka, uji na mtu wa kushika watoto. Vikundi vyetu vya akina mama, ni mara ngapi tumeitisha mafunzo tukaandika "tafadhali msije na watoto"?

La pili ni la soko. Wasichana wale walijifunza pia upishi, ambao huuzika mjini kila siku, kwa sababu mtu akishakula leo kesho anakula tena. Na walianza kushona mikoba kwa vile vishikio vya kufungulia makopo ya soda, vilivyokuwa takataka, ikauzwa mpaka Marekani. Sista aliwekwa na jarida la Time katika orodha ya watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani mwaka 2014. Tunafurahi naye. Lakini tuseme ukweli wetu: mikoba ile iliuzwa kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuibeba kuvuka bahari na hadithi ya kuisindikiza. Kikundi chenu hakina mtu huyo. Kwa hiyo msikimbilie vishikio vya soda. Upishi ndio wa kuangalia.

Pesa mkononi mwa kikundi

Sasa tuje kwenye jambo lililotushangaza zaidi, kwa sababu linahusu vikundi kama vyenu hasa.

Serikali ya Uganda, kwa pesa za Benki ya Dunia, ilikuwa na mfuko wa kuinua kaskazini uitwao NUSAF. Mwaka 2006 ikatangaza sehemu ya vijana. Masharti yalikuwa rahisi kuyaeleza: vijana wajikusanye wenyewe, wafungue akaunti, waandike mpango wa ufundi watakaojifunza, mwalimu wao ni nani, na vifaa gani watanunua. Mwalimu wanamtafuta wenyewe. Anaweza kuwa chuo kidogo, anaweza kuwa fundi wa sokoni. Vikundi vilikuwa na watu kama ishirini hivi. Havikuwa vya Acholi pekee. Vilitoka wilaya nyingi za kaskazini, na wengi wao hawakuwa waliowahi kushika bunduki, bali vijana wa kawaida wa vijiji maskini.

Vikundi vilivyofaa vilikuwa 535, pesa hazikutosha. Ikapigwa kura, 265 vikachaguliwa. Kila kikundi kikapata kwa wastani kama dola 7,500 za Marekani, zote mara moja, katika akaunti. Ukigawa ni dola 382 kwa kila kijana, karibu mapato yake ya mwaka mzima. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuwasimamia. Hakuna!

Tukisoma hapo tulisema, hizo zimeliwa. Wataalamu wakawafuata vijana wale, waliopata na waliokosa, kwa miaka. Matokeo ndiyo haya. Vijana walitumia sehemu ndogo tu kwa mafunzo, kama shilingi kumi na moja katika kila mia. Zaidi ya nusu ya pesa zilikwenda kwenye vifaa, na sehemu nyingine kwenye vitu vya kufanyia kazi, yaani vitambaa, mbao, vyuma. Angalieni mgawo huo. Sisi mashirika tungefanya kinyume chake: mwalimu, ukumbi, chai, posho ya safari, cheti, na mwishoni kifaa kimoja kwa watu watatu.

Baada ya miaka minne, waliopata pesa walikuwa wanapata mapato zaidi kuliko wenzao waliokosa kura kwa asilimia 38. Saa zao za kazi zilizidi kwa asilimia 17, na mali ya biashara kwa asilimia 57. Wengi walijifunza pamoja na kununua pamoja, halafu kila mmoja akafanya kazi yake, wengine wakiazimana vifaa. Kikundi kilikuwa mlango wa kuingilia. Hawakulazimishwa kubaki mlangoni milele. Tunajua wengine wenu hamtapenda kusikia hivyo, maana tumezoea kuhubiri kwamba kikundi lazima kiwe na duka moja na karakana moja. Huko haikuwa lazima.

Visa vya hasara vilikuwako. Vikundi vichache havikufikia pesa zao kwa sababu ya vitabu vya hesabu vibovu na mambo ya benki, na vingine vikaibiwa kabla havijashika. Hiyo tunaijua hapa nyumbani vizuri.

Miaka tisa baadaye

Wataalamu wale hawakuishia miaka minne. Walirudi tena baada ya miaka tisa, na hapa ndipo mambo yanapokuwa ya kufikirisha. Ile tofauti ya mapato ilikuwa imekwisha. Wale waliokosa kura walikuwa wamewafikia wenzao! Si kwamba mafundi walirudi nyuma. Wenzao walikuwa wamehangaika kwa vibarua na biashara ndogo mpaka wakafika. Mafundi walibaki na mali zaidi nyumbani na kazi ya ujuzi mikononi mwao, lakini mfukoni walikuwa sawa.

Je, basi ilikuwa bure? Sisi hatuoni hivyo. Miaka ile ya katikati ni miaka ambayo kijana anaoa, anajenga, anapeleka mtoto wa kwanza shule. Kuipata akiwa na miaka ishirini na tano si sawa na kuipata akiwa na thelathini na nne. Hata hivyo tusiwadanganye vijana kwamba ufundi utawatofautisha na jirani maisha yao yote. Fundi asipoongeza ujuzi, jirani anamfikia.

Jambo jingine, na hili tunaliandika kwa uangalifu. Waliolipa pesa zile walitumaini kwamba kijana mwenye kazi atakuwa mtulivu, hatapigana, hatavutwa tena na siasa za fujo. Walipopima, hawakuona tofauti. Mwenye cherehani na asiye na cherehani walikuwa sawa kwa tabia. Pengine ni kwa sababu wengi wao walikuwa watulivu tangu mwanzo. Vijana maskini wamesingiziwa mengi.

Liberia ilikuwa tofauti kidogo. Kule shirika moja liliwachukua wapiganaji wa zamani, watu waliokuwa wakiishi kwa kuchimba dhahabu kinyume cha sheria na kazi za namna hiyo. Likawaweka mahali pa kulala kwa miezi kadhaa, likawafundisha kilimo, halafu likawaahidi vifaa na mtaji. Walipopimwa baadaye, walikuwa hawajaacha kazi zile mbaya kabisa, ila saa zake zilipungua kama kwa moja ya tano. Na vita vya Ivory Coast vilipowaka jirani mwaka 2011, waliojizuia zaidi kwenda kujiuza kama askari ni wale waliokuwa bado wanangoja sehemu ya pesa zao. Mtu anayengojea kitu kesho hatoki nyumbani leo.

Wanawake wa vijiji 120

Wale waliopewa pesa za NUSAF walikuwa wamesoma kidogo, waliweza kuandika mpango. Je, wale maskini kabisa? Shirika la AVSI, lenye mizizi katika Kanisa Katoliki la Italia, lilikwenda Gulu na Kitgum kuanzia 2009. Likachagua watu 1,800 katika vijiji 120, wengi mno wanawake waliotoka kambini bila kitu. Kila mmoja alipewa dola 150, mafunzo ya biashara ya siku tano tu, na baadaye mtu wa kumtembelea. Hakuna cherehani wala randa. Baada ya miezi 16, biashara ndogo zilikuwa mara mbili ya awali, na mapato vile vile. Walifanya nini? Waliuza. Samaki wakavu, mafuta ya kupima kwa kijiko, nyanya, sabuni.

Katika baadhi ya vijiji wanawake walitiwa moyo waunde vikundi. Huko walianza kuweka akiba pamoja, kukopeshana na kulimiana, na faida ikaonekana. Waacholi wana desturi yao ya kulima kwa pamoja shamba la mmoja, waiitayo awak, kama mwethya ya Wakamba au ngwatio ya Wakikuyu. Kambini ilikuwa imekufa, kwa sababu hapakuwa na shamba. Ilihitaji mtu wa kuikumbusha tu.

Na sasa linalotuhusu sisi watu wa ofisi, tulisome bila kujificha: yale matembeleo ya wafanyakazi yalikuwa nusu ya gharama yote. Walipojaribu kuyapunguza kwa wengine waone, ilionekana kwamba matembeleo yanasaidia biashara isife, lakini hali ya chakula na matumizi nyumbani haikuwa bora zaidi kwa ajili ya hayo. Tulikuna kichwa. Pikipiki yetu inakunywa mafuta mengi.

Njia ya Juba

Bado hatujasema kwa nini fundi mwenye ujuzi na vifaa anaweza kukosa kazi. Gulu imesimama kwenye barabara iendayo Sudan Kusini. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, bidhaa na mafundi wakawa wanapanda kwenda Juba. Waashi, mafundi mabati, wachomelea milango ya chuma, wote walikuwa na kazi, kwa sababu mji ulikuwa unajengwa upya na kulipa vizuri. Desemba 2013 vita vikazuka Sudan Kusini. Lori zikageuka. Mwenye ujuzi wake bado alikuwa nao, mkono haukusahau, lakini mteja alikuwa amekimbia.

Vijijini nako, waliorudi makwao walihitaji nyumba, milango, vyombo vya shamba na sare za shule. Sare ni kazi ambayo mitumba haiwezi kuchukua, kwa sababu rangi ya shule haiji kwa marobota kutoka Ulaya. Lakini sare hununuliwa Januari, na mafundi walifundishwa ishirini ishirini katika tarafa yenye shule nne. Hesabu hiyo haihitaji diploma.

Kuhusu vyeti, Uganda ilipitisha mwaka 2008 sheria ya mafunzo ya ufundi iliyofungua njia kwa aliyejifunza mkononi kwa fundi apimwe kwa kazi aliyoifanya, apate kitambulisho cha ujuzi wake, hata kama hakumaliza shule ya msingi. Hapa kwetu kuna trade test ya NITA. Tunasisitiza jambo hili kwa wenye watoto wanaofanya kazi gereji: cheti hakimfundishi mtu, lakini mkandarasi wa barabara hamwandiki fundi asiye na karatasi.

Wale vijana kumi na wanane

Tuliporudi kwao hatukwenda na jibu. Tuliwapa kazi. Wagawane, siku mbili za soko mfululizo, wahesabu watu wanaopeleka kitu kutengenezwa na wanaorudi nacho kikiwa kibovu kwa kukosa fundi. Waulize shule zote za kata sare zinatoka wapi na mzazi analipa shilingi ngapi. Waulize fundi wawili waliopo wanapata wateja wangapi kwa wiki. Waandike. Na katika bajeti yao waweke mwalimu mwisho, baada ya vifaa na vitu vya kuanzia kazi.

Walichukua wiki tatu, tukafikiri wamekata tamaa. Wakaja na daftari. Shule tano zinanunua sare mjini, na mzazi analipa nauli juu yake. Hapo kuna nafasi ya cherehani mbili, wala si sita, na wasichana wanne tayari wamekubaliana na fundi mama mmoja atakayewafundisha kwake jioni, watoto wao wakiwa pale pale uani. Jambo lililokuwa la kwanza katika daftari hatukulitegemea: mikokoteni, baiskeli na pampu za kunyunyizia dawa. Katika siku mbili za soko walihesabu vitu arobaini na moja vilivyorudi nyumbani bila kutengenezwa, kwa sababu mchomeleaji wa karibu yuko kilomita kumi na nane.

Barua yao mpya iko mezani petu. Wanaomba mashine moja ya kuchomelea na pesa za vyuma vya kuanzia, na wameandika kwamba watatoa mafuta ya jenereta wenyewe kutoka kwa merry-go-round yao. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, mtu ameongeza: "Mwalimu tumempata, hatalipwa mpaka tumalize kutengeneza mkokoteni wa kwanza."